Banjo iliyozaliwa mara mbili

Banjo, kile chombo cha nyuzi chenye tumbo la ngozi, niliinunua Brimfield mwezi wa Mei, dola 380 taslimu, mvua inanyesha, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyenisaidia kuifunga ndani ya mfuko mweusi wa taka. Kwa asiyepajua, Brimfield ni kijiji cha Massachusetts ambacho mara tatu kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba, mashamba yake hugeuka soko la vitu vya kale. Mahema hayana mwisho, na siku ya mvua usiende na viatu unavyovipenda. Mzee alikuwa na kofia ya besiboli na sauti ya mtu anayejua. "Hii ni Fairbanks ya 1901," akaniambia. "Whyte Laydie halisi. Haijaguswa." Nikamulika ndani kwa tochi ya simu, miwani imejaa matone, nikaliona neno FAIRBANKS, jina la watengenezaji wa zamani wa banjo wa Boston ambao Whyte Laydie ni aina mojawapo ya banjo zao, limegongwa kwenye mti. Moyo ukanidunda. Nikatoa pesa.

Nyumbani, mezani, na miwani iliyofutwa, nikasoma muhuri wote. Chini ya neno lile kulikuwa na mistari mingine mitatu. Ukiiweka kwa Kiswahili inasema: banjo ya Fairbanks, imetengenezwa na Kampuni ya Vega, Boston. Na Kampuni ya Vega haikuigusa Fairbanks hata moja kabla ya 1904.

Baba Salim, mume wangu, alikuwa anakula chapati, akaniangalia tu. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia?" Nikamwambia ngoja kwanza, gunia lenyewe bado hatujalifungua.

Kabla sijaendelea niseme mimi si mpiga banjo. Najua nyimbo nne, na mume wangu anasema ni tatu, maana mbili zinafanana. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Marehemu baba alikuwa seremala wa vitanda na milango, lakini jioni watu wa taarab walimletea nyudi zilizopasuka, kwa sababu alikuwa na gundi nzuri na subira. Mara moja aliletewa kibangala kutoka Lamu, kile chombo cha zamani chenye tumbo la ngozi. Nilimwona akiilowesha ngozi ya mbuzi, akiiwamba, akiiacha ikauke kivulini, kisha akaigonga kwa ukucha na kusikiliza. Nilikuwa na miaka tisa. Zaidi ya miaka thelathini baadaye nikiwa Lowell, hukuhuku Massachusetts, katika kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani, nikaiona banjo ya kwanza kwa karibu, imetundikwa ukutani kwa mzee mmoja. Kabla hata sijamwuliza dawa zake ziko wapi, niliigonga kwa ukucha.

Huku watu huniuliza kama banjo ni "yetu". Ni ya Waafrika, naam, ila si wa pwani yangu. Waliokuja na mawazo yake Marekani ni watu waliotekwa kutoka Afrika Magharibi, na jamaa zake bado wako huko. Wajola wa Senegal na Gambia wanayo akonting, kibuyu na ngozi na nyuzi. Sisi tuna binamu wa mbali tu, gambusi na kibangala, na hao walikuja kwa jahazi kutoka Yemen. Lakini ngozi ni ngozi. Mkono uliowahi kuiwamba moja haupotei kwenye nyingine.

Sasa turudi kwenye meza.

Tatizo la banjo za Fairbanks ni kwamba kampuni haikufa kama watu wanavyofikiri kampuni hufa, mlango ukafungwa na siku ikaandikwa. Albert Fairbanks alianza Boston na mshirika wake William Cole mwaka 1880, wakaachana 1890, kila mmoja akashika njia yake. Fairbanks akatoa banjo iliyoitwa Electric. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitafuta waya. Hakuna waya, wala betri, wala umeme wa aina yoyote; umeme ulikuwa ndio fasheni ya mji wakati ule, na jina lilisikika la kisasa. Kilichomo ndani ni pete ya chuma iliyokunjwa kama mawimbi, imekaa juu ya duara la mbao, na juu ya vilele vya mawimbi hayo imelala fimbo nyembamba ya chuma ambayo ngozi inaiegemea. Ngozi haikai kwenye mbao. Inakaa kwenye chuma kinachogusa kingine kwa nukta nukta, na sauti inatoka kali, ina mlio wa kengele.

Halafu mwenye jina akaondoka! Katika miaka hiyo ya 1890 Fairbanks aliiacha biashara ya banjo akaenda kutengeneza ringi za mbao za baiskeli. Jambo hili hunichekesha kila nikilikumbuka, kwa sababu ukilifikiria kiseremala ni kazi ileile, kuukunja mti uwe duara usirudi. Kampuni ikabaki na jina lake, na aliyekuwa akiifikiria banjo pale ndani alikuwa David Day. Mwaka 1901 wakatoa Whyte Laydie, iliyopewa jina hilo kwa weupe wa mti wake. Walichukua mepo, mti mgumu wa huku wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, wakauacha bila kuuvika bati la nikeli kama zilivyovikwa Electric. Na wakafanya jambo moja la akili sana ambalo nitalieleza hivi punde, maana ndilo lililoniokoa mara mbili.

Mwaka 1904 kiwanda kikaungua. Kampuni ya Vega ya palepale Boston, ya ndugu wawili wenye asili ya Uswidi, Julius na Carl Nelson, ikanunua kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa jina, miundo na watu. Day alikwenda nao. Wakaendelea kutengeneza Whyte Laydie na Electric, na wakaendelea kuziita Fairbanks kwa miaka mingi, kwa sababu jina hilo ndilo lililokuwa likiuza. Kwa hiyo ukiniuliza Fairbanks ya mwisho ni ya mwaka gani, jibu la kitabuni ni 1904. Jibu la mezani ni kwamba huwezi kuona ufa. Mkono ni uleule kabla ya moto na baada ya moto, na neno moja lililogongwa kwenye mti halikuambii uko upande gani.

Linalokuambia ni mistari iliyo chini yake, na namba.

Ndani ya banjo za zamani kuna mti mwembamba unaoendelea kutoka kwenye shingo, unakatiza katikati ya ngoma, yaani lile duara la mbao na ngozi yake, hadi upande wa pili. Mimi nauita ufito. Ufito ndio kitambulisho cha banjo. Za kabla ya moto zina muhuri wa A.C. Fairbanks Co. na Boston, basi. Za baada ya moto zinaitaja Vega. Halafu kuna namba, na namba iko mahali pawili, kwenye ufito na kwenye uso wa ndani wa duara la mbao. Kiwandani waliigonga mara mbili ili shingo na ngoma zisipotezane kabla ya kuunganishwa. Hawakujua kwamba baada ya zaidi ya miaka mia moja atakuja mwanamke wa Mombasa na tochi, akitafuta kujua kama ndoa ni halali.

Nilizima taa. Tochi usiielekeze moja kwa moja. Ilaze ubavuni mwa mbao, mwanga upite juu ya uso kama jua la magharibi juu ya mchanga, na kila shimo litaonyesha kivuli chake. Namba ya ufito ilisomeka mara moja, inaanza na 27. Ya kwenye duara ilifichwa na uchafu wa karne nzima. Nikachukua pamba yenye maji kidogo sana, kidogo kuliko unavyofikiri, nikafuta, nikasubiri, nikafuta. Ikatokea inaanza na 21.

Nikakaa chini.

Vega waliendeleza hesabu ya Fairbanks palepale ilipoishia, hawakuanza na moja. Kwa hiyo namba ni mstari mmoja mrefu unaovuka moto. Zilizo mwanzoni mwa elfu ishirini ni za miaka ya kwanza ya karne, enzi ya Fairbanks inayokaribia mwisho. Elfu ishirini na saba ni Vega tayari, miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee wa Brimfield alikuwa sahihi kuhusu nusu ya banjo. Ngoma ni Fairbanks. Shingo ni Vega. Ameniuzia watu wawili kwa jina la mmoja.

Usifikiri hapo nililala. Swali lililofuata ni nani aliyewaoza, na lini. Je, ni kiwandani, mtu alichukua ngoma ya zamani kwenye rafu akaitia shingo mpya? Ingekuwa hivyo wangegonga namba moja kote kuwili. Hapa kila kipande kimekuja na namba yake, maana yake kila kimoja kilikuwa na mwenzake wa kwanza, na mwenzake amepotea. Nikaifungua yote. Kulabu zinazoshika ngozi nikazipanga kwenye taulo kwa mfuatano zilivyokuwa, na nati zake, kwa sababu baba alinipiga kofi mara moja tu maishani, na lilikuwa la kuchanganya misumari ya mlango wa mtu.

Tundu ambalo ufito unapitia kwenye duara lilikuwa limepanuliwa kwa tupa. Ukingo wake wa nje ulikuwa na rangi ya zamani, wa ndani ulikuwa mweupe, umekwanguliwa, na mtu alijaza nafasi iliyozidi kwa kipande chembamba cha mbao kilichogundishwa. Upande wa pili, pale skrubu ya mwisho inapoingia, matundu yalikuwa mawili. Moja linatumika, jingine limezibwa kwa kijiti na kupakwa rangi. Shingo ya kwanza ilikaa juu kidogo kuliko hii. Na kile chuma kidogo kinachobana shingo dhidi ya ngoma kilikuwa kimefungwa kwa skrubu mbili za nyota.

Mafundi mnaosoma hapa mmeshacheka. Skrubu ya nyota, ile inayotaka bisibisi nyota, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Kabla ya hapo kila skrubu ya banjo ina mfereji mmoja wa bisibisi flati. Skrubu ya nyota peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu mtu anaweza kupoteza skrubu jana na kununua nyingine leo. Lakini hizi mbili zilikuwa kwenye matundu ambayo hayakuwahi kuwa na skrubu nyingine, kwenye chuma kilichowekwa kwa ajili ya shingo hii. Basi harusi ilifungwa baada ya hapo. Ngoma ya kabla ya moto, shingo ya baada ya moto, ndoa ya mtu fulani katika karakana fulani, baada ya katikati ya miaka ya 1930.

Kwa nini? Nahisi tu, lakini nahisi kwa sababu nimeona nyingi. Banjo hizi zilitengenezwa kwa nyuzi za utumbo, na shingo haina chuma ndani cha kuishikilia. Watu wakaja kufunga nyuzi za waya, zinavuta kwa nguvu zaidi, shingo ikajipinda kama upinde. Na tena kulikuwa na zile enzi za jazi, ambapo kila mtu alitaka banjo ya nyuzi nne, shingo za nyuzi tano zikang'olewa na kutupwa. Baadaye fasheni ikageuka, nyuzi tano zikarudi, watu wakaanza kuzitafuta shingo zilezile walizozitupa. Banjo yoyote ya zamani yenye nyuzi tano unayoletewa leo, kabla hujatazama maua yake, tazama kama shingo na ngoma ni watoto wa mama mmoja.

Na maua ndiyo yanayowapoteza wengi. Whyte Laydie namba 7 ina kichwa kilichopambwa kwa gamba la chaza, mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, na kisigino cha shingo kimechongwa. Ni kazi nzuri mno. Lakini mapambo hayo yamenakiliwa mpaka leo, na mafundi wa sasa wanayakata vizuri sana. Chaza hana tarehe. Ngozi nayo vilevile: ukiona ya plastiki ujue tu kwamba kuna mtu aliibadilisha kuanzia miaka ya 1950, haikuambii lolote kuhusu banjo. Kuna pia wanaoniandikia kwa fahari kwamba ubao wa vidole ni "mpingo wa Afrika". Kwa kawaida si mpingo tunaoujua sisi, ule wa Kusini mwa Tanzania unaokwenda kutengenezwa zumari za kizungu. Ni mti mwingine mweusi, hawana hata ukoo mmoja. Na kwenye banjo za bei nafuu mara nyingi ni mti mweupe uliotiwa rangi. Kwangua mahali pasipoonekana, chini ya kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi, utajua.

Kifaa kimoja cha dola kumi na mbili kimenisaidia kuliko vitabu vyote, nacho ni tochi ya mwanga wa urujuani, ile wanayokagulia noti. Vanishi ya zamani ya shelaki ikimulikwa nayo gizani huwaka rangi ya chungwa, kama embe lililoiva. Shingo ya banjo yangu iliwaka hivyo yote, isipokuwa kiganja kimoja karibu na kisigino, pale palipokuwa pamefifia, pamekaa kama kidonda kilichopona. Hapo ndipo yule fundi wa harusi alikata mti upate kuikumbatia ngoma mpya, kisha akapaka kitu kingine juu yake. Baba Salim nilimwita aje aone. Akasema nifungue taa, anatafuta chaja.

Sasa lile jambo la akili. Kwenye banjo nyingi za zamani, kila kulabu inashikwa na kichuma kilichofungwa kwa bolti inayotoboa duara la mbao. Kulabu ishirini na kitu, matundu ishirini na kitu. Whyte Laydie haikutobolewa. Walizungusha mkanda wa chuma nje ya duara, na vichuma vyote vikafungwa kwenye mkanda huo, mbao ikabaki nzima. Kwa hiyo duara lenye safu ya matundu yaliyozibwa haliwezi kuwa la Whyte Laydie hata muuzaji aape kwa mama yake. Na kinyume chake, mkanda wa asili uliokaa kwenye mbao ambayo haijawahi kutobolewa unakupa mwaka wa chini kabisa, 1901.

Mwaka jana jambo hili liliniweka pagumu. Bibi mmoja wa Worcester, miaka themanini na minane, alisikia kwa mtu kwamba kuna "mama wa Kenya anayesoma banjo", kama vile nasoma viganja. Mjukuu wake akanipigia, nikaenda siku yangu ya mapumziko. Banjo ilikuwa kwenye sanduku lake la zamani, imefunikwa shuka. Hadithi ya familia, na hadithi hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko, ni kwamba babu yake alikwenda nayo vitani Cuba mwaka 1898.

Nikaifungua kwa ruhusa yake, mezani kwake, naye amekaa pembeni amekunja mikono. Muhuri: A.C. Fairbanks Co., Boston, hakuna Vega. Namba ya ufito na namba ya duara zimelingana, tarakimu kwa tarakimu. Skrubu zote za mfereji mmoja. Tundu la ufito halijaguswa na tupa. Ukingo wa ngozi ulikuwa na mstari wa jasho la mkono uliokolea mahali pamoja, mkono wa mtu mmoja kwa miaka mingi. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni Fairbanks ya miaka ya mwisho kabisa, kabla ya moto, haijaguswa kweli, ile niliyodhani nimeinunua Brimfield kwenye mvua. Nitakuwa mkweli, niliona wivu.

Na ilikuwa na mkanda. Whyte Laydie, mbao nzima, hakuna tundu la bolti hata moja.

Nilinyamaza muda mrefu mpaka akaniuliza kama imevunjika. Unamwambiaje mtu wa miaka themanini na minane kwamba banjo ya babu yake haikufika Cuba? Nilifikiria kunyamaza. Kwetu mtu mzima humsahihishi nyumbani kwake, na juu ya meza yake. Lakini mjukuu alikuwa ananukuu kila neno kwenye simu yake, na karatasi ile ya kwenye kifuniko ingeendelea kusomwa. Nikamwambia polepole kwamba banjo ya namna hii ilianza kutengenezwa 1901, na hii imetoka kati ya hapo na 1904, na kwamba ni nzima kuliko zote nilizowahi kushika.

Akafikiri. "Basi alidanganya," akasema. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Alikuwa hodari wa kudanganya. Bibi alikuwa akisema hivyo sikuzote." Akamwambia mjukuu asiitoe ile karatasi, ila aandike chini yake.

Tangu hapo picha zinakuja kwenye WhatsApp, nyingine kutoka Minnesota, nyingine kutoka kwa binamu yangu aliyeko Muscat ambaye aliona banjo kwenye duka la fanicha na kuamua mimi ndiye polisi wake. Nyingi nazimaliza kwa swali moja: nitumie picha ya ndani, chini ya ngozi. Ukiona huko bomba la chuma la mraba linalozunguka, lenye matundu madogo ya duara kwa ndani, hiyo ni pete ya Tubaphone, na Tubaphone ilitoka Vega mwaka 1909. Muhuri useme Fairbanks, muuzaji aseme 1890 na kitu, bomba la mraba halikuwapo. Dakika mbili, chai haijapoa.

Na Vega wenyewe? Mtu akiniambia ana "Vega ya mwisho" namwuliza mwisho upi. Walikuja na nyota yao kichwani mwa banjo, Day akawaacha 1922 kwenda kwa Bacon, watengenezaji wengine wa banjo, katikati ya karne wakawa watu wa banjo za shingo ndefu kwa ajili ya mwimbaji Pete Seeger na waliomfuata, mpaka Kampuni ya Martin, ile ya magitaa, ikawanunua mwaka 1970 na kazi ikahamia Nazareth, Pennsylvania. Mwaka 1979 jina likauzwa Korea, na 1989 likanunuliwa na Deering, kampuni ya banjo ya California, ambao wanalitumia hadi leo. Ni hadithi ileile ya 1904, bila moto. Jina linasafiri, mikono inabaki, au mikono inasafiri na jina linabaki, na wewe umeshika kitu mkononi unataka mwaka mmoja tu.

Rafiki yangu wa huku, anayejua mambo haya kunishinda, alinishauri niigawe banjo yangu: ngoma niitafutie shingo ya Fairbanks, shingo niitafutie ngoma ya Vega, niuze zote mbili kwa faida. Ni ushauri mzuri wa biashara. Nilizungusha lile tundu lililopanuliwa kwa kidole, nikaona namna yule fundi alivyokata kipande chake chembamba kufuata nyuzi za mti, kwa kisu kikali, bila haraka. Hakuwa mtu wa kuharibu. Alikuwa na ngoma isiyo na shingo na shingo isiyo na ngoma, basi, na mteja anasubiri. Nimemjua baba yangu kwenye kazi kama hiyo mara nyingi.

Nikairudisha ilivyokuwa. Kulabu kwa mfuatano wake, skrubu za nyota palepale. Ngozi ya plastiki aliyoiweka sijui nani niliitoa, nikaagiza ya ndama, nikailowesha kwenye beseni la kufulia na kuiwamba usiku, heater imezimwa ili isikauke kwa pupa. Asubuhi nikaigonga kwa ukucha. Kisha nikafunga kikaratasi kwenye ufito, kwa uzi, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi:

Duara: Fairbanks, kabla ya moto wa 1904. Shingo: Vega, baada ya moto. Wameozwa na fundi asiyejulikana, baada ya 1935 hivi. Ngozi: mimi, Novemba, Lowell.

Baba Salim amekisoma. Ameongeza chini, kwa mwandiko wake mbaya: nyimbo, tatu.